Uzi: Seneta wetu amechangia nini hasa? Namna ya kufuatilia mijadala ya Seneti hadi kwenye kifungu

Mwana_Kamalondo (mwenye uzi)

Wandugu, kila muhula wa Seneti ya Kongo (RDC) ukifungwa ubishi ni ule ule hapa Lubumbashi, kuanzia Kamalondo hadi Ruashi. Huyu anasema seneta fulani alizungumza sana, yule anasema alikuwa anajaza kiti tu. Ushahidi wa pande zote mbili ni video ya dakika mbili ya WhatsApp. Na tangu Agosti 2024, Jean-Michel Sama Lukonde, waziri mkuu wa zamani na mchaguliwa wa Haut-Katanga, alipokuwa Rais wa Seneti, maswali yamezidi. Naweka hapa njia ya kufuatilia mchango wa mwanasiasa mkubwa katika chumba hicho. Wenye kujua zaidi waongeze.

Tuanze na chumba chenyewe. Seneti ina viti 109: majimbo 25 yana maseneta 4 kila moja, Kinshasa ina 8, na kiti 1 ni cha maisha, ambacho Katiba inampa rais wa zamani aliyechaguliwa (ndicho alichopata Joseph Kabila mwaka 2019). Seneta hachaguliwi na mimi na wewe. Anachaguliwa na wabunge wa jimbo, kwa upande wetu wale wanaokutana Bâtiment du 30 Juin. Kifungu cha 104 cha Katiba kinasema anawakilisha jimbo lake lakini mamlaka yake ni ya kitaifa, na hakuna anayeruhusiwa kumfunga kwa maagizo.

Halafu, jambo ambalo wengi wanalisahau: Seneti haiangushi serikali. Mosio (hoja inayopigiwa kura) ya kumtoa waziri au kuiangusha serikali nzima ni ya Bunge la kitaifa peke yake, vifungu vya 146 na 147. Kwa hiyo ukimpima seneta kwa kuuliza «amemwangusha waziri gani?», unampima kwa kazi ambayo si yake. Kazi yake iko mahali patatu: kifungu cha 130 (kuleta pendekezo la sheria), cha 134 (kurekebisha maandishi yaliyo mezani) na cha 138 (kuuliza, kuhoji, kuchunguza).

Kati ya hizo tatu, ile ya kurekebisha ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo isiyoonekana kwenye video. Ukitaka kuiona unahitaji karatasi nne za sheria moja: maandishi yalivyowekwa kwenye Biro (ofisi ya uongozi wa chumba) mara ya kwanza, yalivyopigiwa kura na chumba cha kwanza, yalivyotoka Seneti, na yalivyochapwa Gazeti Rasmi. Unazipanga kando kando, kifungu kwa kifungu. Palipobadilika kati ya karatasi ya pili na ya tatu, hapo Seneti ilifanya kazi. Ukishapaona, rudi kwenye ripoti ya komisheni (kamati) utafute nani alipendekeza na kwa sababu gani. Anayeanza na video na kuishia hapo atajua nani ana sauti nzuri, basi.

---

Kalamu_Kampemba

Asante yaya. Niongeze njia ambayo maandishi yanapita, maana ukikosea hatua utatafuta jina la mtu mahali ambapo haliwezi kuwepo.

Mradi wa sheria (wa serikali) au pendekezo la sheria (la mbunge au seneta) unaingia kwenye Biro. Biro ina watu 7: rais, makamu wawili, raportere (msimamizi wa ripoti) na msaidizi wake, kwesta (msimamizi wa fedha za chumba) na msaidizi wake. Pendekezo la seneta linapelekwa kwanza kwa serikali kwa taarifa, na serikali ina siku 15 za kutoa maoni. Zikipita bila jibu, kazi inaendelea, na serikali haiwezi kuzuia pendekezo kwa kunyamaza. Baada ya hapo Kongamano la Marais (Biro pamoja na viongozi wa komisheni na wa makundi ya kisiasa) linalipanga kwenye ratiba. Hapa ndipo mapendekezo mengi yanapolala. Yamewekwa kwenye Biro, yana saini, yamepigwa picha, lakini ratiba haijawahi kuyaita.

Yakiitwa, plenari (kikao cha chumba kizima) ya kwanza ni mjadala wa jumla. Mwenye maandishi anaeleza sababu, maseneta wanajiandikisha, kila mmoja anapewa dakika zilizotangazwa na rais wa kikao, mwenye maandishi anajibu, kisha kura ya kukubali au kukataa kuyashughulikia. Yakikubaliwa yanaenda komisheni pamoja na muda wa kumaliza. Komisheni inapita kifungu kwa kifungu na kurudi na ripoti yenye maandishi ya awali upande mmoja na mapya upande wa pili. Plenari ya pili inapiga kura kwa kila kifungu, halafu kwa sheria nzima kwa kuita majina.

Hotuba mnazozipitisha kwenye simu karibu zote ni za plenari ya kwanza. Siku hiyo hakuna hata koma moja ya sheria inayobadilika.

---

Mama_Katuba

Sawa, lakini msiidharau hotuba ya plenari. Plenari ya kwanza inaweza kuyaua maandishi yote kwa kuyakataa, na seneta mwenye jina kubwa anaweza kugeuza chumba kabla komisheni haijaona kitu. Tena kuna mosio. Ile ya awali inaomba mjadala usifunguliwe kabisa mpaka jambo fulani litimizwe kwanza. Ile ya katikati ya mjadala inaomba usimamishwe. Ya utaratibu inadai kanuni za ndani ziheshimiwe. Mosio inapita mbele ya kila kitu: mjadala unasimama mpaka itolewe uamuzi. Mwanasiasa anayezijua kanuni za ndani anaweza kwa mosio moja kufanya kile ambacho hotuba kumi haziwezi.

Na idadi nazo zina maana yake. Plenari haikai kihalali bila wengi wa wote, yaani 55 kati ya 109. Sheria organiki (ile inayokamilisha Katiba) nayo inataka 55 za ndiyo, si wengi wa waliohudhuria tu. Siku wamekuja 60, watu 6 wakikataa au wakijizuia, sheria organiki imeanguka. Hapo aliyeshinda ni yule aliyezunguka ofisi kwa ofisi usiku wake, na jina lake halitaonekana kwenye ripoti yoyote.

---

Mwana_Kamalondo

Mama, nakubali kuhusu mosio, ila kwenye hotuba nabaki palepale: kama hoja aliyoitoa plenari haikushuka komisheni ikiwa imeandikwa, imebaki maneno. Marekebisho yanataka maandishi: kifungu gani, aya gani, futa nini, andika nini mahali pake, na sababu. Seneta anayesema «mradi huu hauwajali wenyeji» halafu haleti karatasi, huyo amehutubia. Mchango wake kwa sheria ile bado hauko.

---

Likasi_Moja

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Januari 2015. Nauweka na tarehe zake, kwa ajili ya vijana waliokuwa bado wadogo.

Rais wa Seneti alikuwa Léon Kengo wa Dondo. Huyu ni mwanasheria, mwendesha mashtaka mkuu wa Jamhuri enzi za Mobutu, aliongoza serikali mara tatu kabla ya 1997, na alichaguliwa kuongoza Seneti Mei 2007 mbele ya Léonard She Okitundu. Alikaa kwenye kiti hicho hadi 2019, kwa sababu uchaguzi wa maseneta ulikuwa haujafanyika tena tangu Januari 2007, na Katiba inasema seneta anaendelea mpaka Seneti mpya iwekwe.

Tarehe 17 Januari 2015 Bunge la kitaifa lilipitisha mabadiliko ya sheria ya uchaguzi. Kifungu cha 8 kilikuwa na aya iliyofungamanisha orodha ya wapiga kura na kuhesabiwa kwa watu. Aliyesoma haraka aliona jambo la takwimu tu. Aliyesoma polepole aliona kwamba kama kuhesabu watu kungechelewa, uchaguzi wa rais wa 2016 ungechelewa nao. Kuanzia tarehe 19 watu waliingia barabarani Kinshasa, Goma, Bukavu. Tarehe 23 Seneti ikaibadilisha aya ile na kuutenganisha uchaguzi na hesabu ya watu, na Kengo alisema wazi kuwa Seneti imewasikia watu wa barabarani. Vyumba viwili vikawa na maandishi tofauti, kwa hiyo komisheni ya pamoja yenye idadi sawa ikaitwa. Tarehe 25 Bunge la kitaifa likapiga kura, aya ile ikiwa imeondolewa. Sheria ikatoka kwa namba 15/001 ya tarehe 12 Februari 2015.

Angalieni ukubwa wa kazi yenyewe: aya moja, siku nane. Ukichukua maandishi ya tarehe 17 na ya Februari ukayaweka kando kando, tofauti nzito unaifunika kwa kidole. Na kisheria Bunge la kitaifa lingeweza kuendelea na msimamo wake. Kifungu cha 135 kinasema komisheni ya pamoja ikishindwa, au maandishi yake yakikataliwa, Bunge la kitaifa linaamua mwisho. Nguvu ya Seneti haikutoka kwenye kura ya mwisho. Ilitoka kwenye kusimamisha maandishi hadharani wakati nchi nzima inatazama, na kulipa Bunge njia ya kurudi nyuma kwa heshima.

---

Ruashi_Mjini

Mzee wa Likasi umesema vizuri. Ila swali langu ni hili: hapo mchango ni wa Kengo au wa Seneti? Rais wa kikao hajadili.

---

Likasi_Moja

Swali zuri. Rais wa chumba anaongoza mjadala: anatoa neno, anarudisha wazungumzaji kwenye mada, anapigisha kura. Kwa desturi akitaka kujadili kama seneta mwingine anashuka kitini na kumwachia makamu. Kwa hiyo mchango wake usiutafute kwenye orodha ya wazungumzaji. Utafute kwenye mambo manne: hotuba za kufungua na kufunga muhula, ambazo ni zake peke yake, ratiba, yaani kilichoitwa na kilichoachwa, komisheni gani ilipewa maandishi na kwa siku ngapi, na namna alivyotafsiri kanuni pale palipokuwa na ubishi. Januari 2015 mambo hayo yote yalikuwa mkononi mwake. Maneno ya ndani ya aya yalikuwa kazi ya maseneta wengine, na ripoti ndiyo inayowataja.

Na Sama Lukonde apimwe hivyo hivyo. Anayehesabu mara ngapi «alizungumza» plenari hatapata kitu cha maana, kwa yeye wala kwa yeyote aliyekalia kiti kile. Mkumbuke pia kuwa kiti kile si cha itifaki tu: nafasi ya Rais wa Jamhuri ikibaki wazi, Rais wa Seneti ndiye anayeishika kwa muda, kifungu cha 75.

---

Kolwezi_Barabarani

Mimi niko Lualaba lakini faili hili ni letu sote: Kodi ya Madini (Code minier, yaani sheria ya madini, si ushuru). Sheria 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, iliyobadilisha ile 007/2002 ya tarehe 11 Julai 2002. Maandishi yalipita Bunge la kitaifa, yakaenda Seneti, na mwanzoni mwa 2018 komisheni ya pamoja ikayaoanisha. Nitumie kifungu cha 242, cha ada ya madini, kuonyesha kwa nini kifungu kimoja kina uzito kuliko saa nzima ya hotuba.

Kwa sheria ya 2002, shaba na kobalti zililipa ada ya 2%. Mgawo ulikuwa 60% serikali kuu, 25% jimbo, 15% mji au teritwari. Kwa sheria ya 2018, shaba inalipa 3.5%, na madini yaliyotangazwa ya kimkakati yanalipa 10%. Kobalti ilitangazwa hivyo kwa dekreti ya Novemba 2018. Mgawo ukawa 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% mamlaka ya mtaa yenye kujitegemea (usheferi, sekta, komuni au mji), na 10% Mfuko wa Madini kwa Vizazi Vijavyo.

Fanyeni hesabu ya shaba yenye thamani ya dola 1,000,000. Ada mpya ni 35,000. Serikali kuu inachukua 17,500, jimbo 8,750, mamlaka ya mtaa 5,250, mfuko 3,500. Kwa kiwango cha zamani ada ingekuwa 20,000 na mtaa ungepata 3,000. Kobalti ya thamani hiyo hiyo leo inatoa 100,000, na mtaa unapata 15,000. Halafu kuna neno ambalo msomaji wa haraka analiruka: mwenye kibali analipa mgawo wa jimbo na wa mtaa kwenye akaunti zao wenyewe. Hazipiti Kinshasa kwanza. Ukiondoa maneno hayo machache, asilimia zinabaki zile zile kwenye karatasi, lakini usheferi unaanza kusubiri kama unavyosubiriwa mgawo wa majimbo wa 40% wa kifungu cha 175 cha Katiba, ambao nao ulipaswa kukatwa kwenye chanzo.

Kwa hiyo seneta wa Haut-Katanga, Lualaba au Tanganyika akija kuomba sifa kwa Kodi ya Madini, aulizwe: wewe ulishika kifungu kipi? Cha 242? Kile cha 0.3% ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji? Cha hisa ya serikali iliyopanda kutoka 5% hadi 10%? Cha muda wa kulindwa dhidi ya mabadiliko ulioshuka kutoka miaka 10 hadi 5? Aonyeshe karatasi.

---

Mama_Katuba

Na kabla ya hapo kulikuwa na kazi ya chini chini. Mwaka 2009 Seneti ilikuwa na komisheni ya uchunguzi juu ya sekta ya madini iliyoongozwa na seneta David Mutamba Dibwe. Komisheni ya uchunguzi ni chombo cha kifungu cha 138, haitungi sheria. Lakini inakusanya hesabu, inaita watu, inaandika. Miaka inapita, sheria inafunguliwa upya, na karatasi ile iko tayari mezani. Mchango wa seneta wakati mwingine unazaa baada ya yeye mwenyewe kuondoka.

---

Kalamu_Kampemba

Tuseme pia juu ya maswali, maana hapa ndipo watu wanadanganywa sana.

Swali la maandishi: seneta anaandika kupitia Biro, waziri anajibu kwa maandishi. Halina picha, halina makofi, lakini likiandikwa vizuri linatoa namba na tarehe ambazo hutapata mahali pengine. Swali la mdomo: waziri anakuja plenari, kukiwa na mjadala au bila, na hakuna kura baada yake. Swali la jambo la sasa: tukio limetokea juzi, waziri anaitwa haraka. Kuhojiwa kwa waziri, ile tunaita enterpelasyo, ni kumtaka ajieleze juu ya namna alivyotumia mamlaka yake. Katika Seneti yote haya yanaishia kwenye mapendekezo. Kisheria hayamfungi waziri, lakini yanabaki kwenye kumbukumbu.

Penye kuharibika ni hapa. Swali limewekwa, televisheni imetangaza kuwa seneta amemhoji waziri, kumbe waziri hajawahi kuitwa na muhula umefungwa. Muhula wa Machi unafungwa tarehe 15 Juni, wa Septemba tarehe 15 Desemba. Swali lililowekwa siku kumi kabla ya kufunga lina nafasi ndogo sana. Tazameni tarehe ya muhuri wa Biro, kisha tarehe waziri alipokuja. Kama tarehe ya pili haipo, hakukuwa na mjadala.

Kosa la pili ni swali pana. «Waziri aeleze hali ya barabara za jimbo» linampa waziri nusu saa ya kusoma karatasi. «Kilomita ngapi za njia ya Kasomeno zimepokelewa rasmi, kwa mkataba wa tarehe gani, na kiasi gani kimekwisha kulipwa» halimpi pa kukimbilia. Mwanasiasa mzoefu unamjua kwenye swali, kabla hata hajafungua mdomo plenari.

---

Ruashi_Mjini

Bajeti je? Muhula wa Septemba wanauita wa bajeti lakini Seneti inalalamika kila mwaka.

---

Kalamu_Kampemba

Mradi wa bajeti lazima uwekwe Bunge la kitaifa, si Seneti, kufikia tarehe 15 Septemba. Seneti inaupata baada ya Bunge kumaliza, mara nyingi Desemba iko mlangoni na 15 ndiyo kufunga. Juu ya hapo kuna kifuli: rekebisho linalopunguza mapato au kuongeza matumizi halipokelewi kama halina pa kufidia. Seneta anayetaka kuongeza pesa za shule za Kasenga lazima aonyeshe mstari gani unakatwa kwa kiasi kile kile. Ndiyo sababu wachumi wana uzito katika komisheni ya uchumi na fedha. Évariste Mabi Mulumba, profesa wa uchumi na mkuu wa serikali mwaka 1987 hadi 1988, aliingia Seneti 2007, na mtu wa aina ile anaijua mistari ya bajeti kabla ya ripoti kufika. Hotuba bila mstari wa kufidia inapigiwa makofi na kutupwa siku ile ile.

---

Kenya_Soko

Mitego mingine ya kukwepa, haraka haraka.

Jina kwenye kiti linaweza kuwa si lake. Seneta akiteuliwa waziri, mbadala wake ndiye anayekaa. Tangu marekebisho ya Katiba ya 2011 anarudi kwenye kiti chake akitoka serikalini. Kwa hiyo ukisoma kuwa «seneta wa jimbo fulani» alirekebisha kitu, hakikisha tarehe ile nani alikuwa amekaa.

Mtu mzima zaidi anaongoza ufunguzi tu. Biro ya muda ya mwanzo wa Seneti mpya inaongozwa na mwenye umri mkubwa kuliko wote akisaidiwa na vijana wawili. Mwaka 2024 alikuwa Pascal Kinduelo. Hiyo ni kwa umri, wala si cheo cha kisiasa.

Kikao cha faragha hakitoi video. Plenari ni ya wazi isipokuwa wameamua kufunga mlango. Kimya cha mtandaoni siku hiyo hakimaanishi seneta alinyamaza.

Kumbukumbu ni muhtasari. Katiba, kifungu cha 118, inataka muhtasari wa mijadala uchapwe kwenye kumbukumbu za Bunge. Muhtasari si neno kwa neno. Ukitaka kunukuu mtu, linganisha na video ya RTNC (televisheni ya taifa), na usiweke alama za kunukuu kwenye sentensi ya karani.

Na mahudhurio: seneta anayekosa bila ruhusa wala sababu zaidi ya robo ya vikao vya muhula mmoja anapoteza kiti, kifungu cha 110. Orodha ya mahudhurio ni karatasi halali ya kuiomba.

---

Mama_Katuba

Mmesahau kinga, na watu wanaichanganya. Kifungu cha 107 kina sehemu mbili. Kwanza, seneta hashtakiwi kwa maoni au kura aliyotoa akiwa kazini. Hiyo ndiyo inayompa mdomo. Pili, kwa makosa mengine, wakati wa muhula hashtakiwi bila ruhusa ya chumba kizima, isipokuwa amekamatwa papo hapo. Nje ya muhula, asikamatwe bila ruhusa ya Biro. Tofauti hiyo ilionekana 2021 kwa Augustin Matata Ponyo, waziri mkuu wa zamani na seneta wa Maniema. Juni plenari ilikataa kuondoa kinga yake katika faili la Bukanga Lonzo (mradi mkubwa wa kilimo). Julai, maseneta wakiwa likizoni, Biro ikaruhusu ashtakiwe katika faili lingine, la fidia za mali zilizotaifishwa enzi za Zaire. Kinga ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni tarehe, na pamoja nayo idadi ya watu wenye kuamua: kutoka maseneta zaidi ya mia hadi Biro ya watu 7. Anayetaka kuelewa siasa ya Seneti aweke kalenda ukutani.

---

Ruashi_Mjini

Basi mtu wa kawaida hapa mjini afanye nini ili hoja yake iingie?

---

Mwana_Kamalondo

Likizo ya maseneta ndiyo dirisha lenu: katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, na katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi. Wakati huo wanakuja jimboni na wanapaswa kurudi Kinshasa na ripoti ya likizo. Barua yenu ikiwa mikononi mwao kabla hawajapanda ndege, ina mahali pa kuingia.

Barua iwe ukurasa mmoja. Taja sheria na kifungu kwa namba. Andika maneno yalivyo sasa, chini yake maneno mnayoyataka, na chini yake sababu kwa mistari mitano. Msiandike historia ya jimbo tangu enzi za mfalme Msiri. Piga nakala mbili, ya pili irudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila muhuri ule hamna barua. Wapeni wote wanne wa jimbo, msimpe mmoja tu wa chama chenu. Na mtaje kifungu cha 27 cha Katiba: kila Mkongomani ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inajibu ndani ya miezi 3. Tarehe ya muhuri ndiyo inayoanza kuhesabu.

---

Kolwezi_Barabarani

Yaya, tuweke basi mfano wa swali la maandishi, wenye kutaka walichukue. Nimelijenga juu ya kifungu cha 142 cha Katiba, kinachoitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60 tangu kutiwa saini.

«Mheshimiwa Waziri, sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018 inagusa moja kwa moja masheferi, masekta na makomuni yenye kupokea 15% ya ada ya madini. Naomba unijulishe: (1) maandishi ya Kiswahili ya sheria hii yalikamilika tarehe gani, (2) nakala ngapi zilichapwa na kwa mstari gani wa bajeti, (3) zilipelekwa kwenye ofisi zipi za Haut-Katanga, Lualaba na Tanganyika, na tarehe gani kwa kila moja, (4) kama kazi haijakamilika, itakamilika tarehe gani na chini ya jukumu la idara ipi.»

Anayemfahamu msaidizi wa seneta yeyote kati ya wanne wa Haut-Katanga amfikishie kabla ya Septemba. Jibu likija, lipigwe picha na kuwekwa hapa, kurasa zote, pamoja na muhuri wa Biro.